Nani Aandikwe Kwenye Jiwe la Mradi wa Maji?

Mwaka 1862 Wamarekani walikuwa wanauana katika vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, lakini Waziri wa Mambo ya Ndani katika serikali ya Lincoln, Caleb Smith, alipata nafasi ya kushughulikia jiwe. Jiwe lenyewe limejengewa kwenye daraja la maji la Cabin John, Maryland, kilomita chache kutoka Washington, na lilikuwa limeshachongwa kwa herufi kubwa: Mfereji wa Maji wa Washington, ulianza 1853, Rais Franklin Pierce, Waziri wa Vita Jefferson Davis, unaendelea kujengwa 1861, Rais Abraham Lincoln, Waziri wa Vita Simon Cameron. Aliyeleta shida ni Davis. Alipokuwa waziri mradi unaanza hakuna aliyejua kwamba atakuja kuwa rais wa majimbo ya Kusini yaliyojitenga. Ikatoka amri, nyundo na patasi zikaletwa, jina likabanduliwa. Kwa miaka 47 jiwe hilo lilikaa na pengo lake, na kila mgeni aliyelitazama aliuliza hapo pameandikwa nani, kwa hiyo Davis akazungumzwa kuliko wote waliobaki.

Kisa hiki husimuliwa kama kichekesho cha siasa, na kweli kinachekesha. Mimi kinanivutia kwa sababu nyingine. Miradi ya maji hubeba majina ya aina mbili. Lipo jina la mkubwa aliyekuwa madarakani siku ya kukata utepe, na lipo jina la mtu ambaye unaweza kumgongea mlango saa nane za usiku bomba likipasuka. Cabin John ina historia ya majina ya aina zote mbili, na ukiifuatilia unaona wazi kwamba ya kwanza yanaweza kufutwa na kurudishwa bila tone moja la maji kuongezeka wala kupungua. Ya pili yakikosekana, watu wanaumia. Kwa hiyo sipo upande wa wanaotaka mawe ya miradi yasiandikwe majina kabisa. Nataka yaandikwe zaidi, ila ya watu wengine.

Tuanze na kwa nini daraja lilihitajika. Katikati ya karne ya 19 Washington ilikuwa makao makuu ya nchi, yenye wakazi kama 40,000, lakini maji ilichota kwenye visima na chemchemi. Tarehe 24 Desemba 1851 maktaba ya Bunge iliungua. Kati ya vitabu kama 55,000 viliteketea 35,000 hivi, ikiwemo sehemu kubwa ya mkusanyiko ulionunuliwa kwa Rais wa zamani Thomas Jefferson. Wananchi walikuwa wamelalamikia maji miaka nenda rudi. Wabunge walishtuka pale moto ulipoingia kwenye jengo lao wenyewe. Hili halihitaji maelezo kwa mtu wa Dar es Salaam au Nairobi.

Kazi ya upimaji ilipewa luteni wa jeshi, Montgomery Meigs, mhandisi wa miaka 36. Februari 1853 alileta ripoti yenye njia tatu, akapendekeza ile ya gharama kubwa kuliko zote: kuyatoa maji ya mto Potomac kwenye maporomoko ya Great Falls, kiasi cha kilomita 20 juu ya mji, na kuyaleta kwa mserereko tupu, bila pampu. Mfereji wake ni bomba la matofali lenye kipenyo cha futi 9, yaani mita 2.7. Mtu mzima anatembea ndani bila kuinama, na akinyoosha mkono juu hagusi dari. Mteremko ni kama sentimita 14 tu kwa kila kilomita. Hapo ndipo ufundi ulipo. Ukikosea kidogo tu, maji yanasimama. Ukizidisha, yanakula matofali. Na mfereji wa namna hiyo ukifika bondeni hauwezi kushuka na kupanda tena kama njia ya miguu. Ama unatoboa kilima, ama unajenga daraja.

Zama zile za Malkia Victoria miji mingi mikubwa ilikuwa kwenye mbio hizo hizo. New York ilianza kupata maji ya Croton mwaka 1842, Glasgow ikapata ya Loch Katrine mwaka 1859, na malkia mwenyewe akaenda kuzindua. Meigs alikuwa akijua wenzake wanafanya nini na alitaka kuwapita. Mfumo wake ulipangwa kuleta zaidi ya galoni milioni 60 kwa siku, kwa mji ambao ulikuwa bado mdogo. Wapo waliomwona ana wazimu wa ukubwa. Leo mfumo huo, baada ya kuongezwa na kutengenezwa mara nyingi, unahudumia watu kama milioni moja wa Washington na vitongoji vya Virginia, na maji bado yanapita ndani ya daraja la Cabin John.

Bonde la kijito cha Cabin John ndilo lililokuwa kikwazo kikubwa kuliko vyote. Fikra ya kwanza ilikuwa kuvuka kwa matao kadhaa juu ya nguzo, kama Warumi. Likaja wazo la kuruka bonde zima kwa tao moja la mawe lenye upana wa futi 220, mita 67, na barabara iliyo juu yake ikiwa kiasi cha mita 30 kutoka kijitoni. Duniani hapakuwa na tao moja la mawe refu kuliko hilo, na rekodi ilidumu mpaka 1903, daraja la Adolphe lilipomalizika kule Luxembourg. Mawe ya itale yalitoka Quincy, Massachusetts, na mengine mekundu yalitoka machimbo ya Seneca yaliyo karibu. Kijito chenyewe kilizibwa na kuunganishwa na mfereji wa mashua wa Chesapeake na Ohio, ili mawe yapakuliwe chini kabisa ya mahali yanapojengewa. Ukilitazama daraja kwa pembeni unaona ukuta mzima juu ya tao, mzito kama mlima. Ndani kuna matao madogo yaliyofichwa ili kupunguza uzito. Kwangu hiyo ndiyo sehemu nzuri kuliko zote, na haionekani.

Sasa turudi kwenye majina. Meigs alikuwa na tabia iliyowaudhi wengi: alipenda jina lake kupita kiasi. Lilitiwa kwenye mabomba, likatiwa kwenye vali, na katika nyumba moja ya mitambo kule Georgetown likasubiwa katika chuma cha ngazi, kidato baada ya kidato, hata unayepanda unamkanyaga Meigs mpaka juu. Ni rahisi kumcheka. Majivuno yalikuwepo, sibishi. Lakini tazama kilichofuata.

Mwaka 1857 aliingia madarakani Rais James Buchanan, na Wizara ya Vita ikashikwa na John Floyd. Floyd alitaka kandarasi ziende kwa watu wake. Meigs akagoma, na mabishano yao yakachukua miaka. Katikati ya 1860 Bunge lilipopitisha fedha za kuendeleza mfereji, liliweka sharti ambalo sijawahi kuliona kwenye bajeti yoyote ya kwetu: fedha hizo zitumike chini ya usimamizi wa Kapteni Meigs. Sheria ikamtaja mtu kwa jina. Buchanan alilalamika kwamba Bunge linamwingilia mamlaka ya kupanga maofisa wake, na kikatiba alikuwa na hoja. Floyd hakuhangaika na hoja. Alimwondoa Meigs na kumpeleka Dry Tortugas, visiwa vya mbali kusini mwa Florida, akasimamie ngome katikati ya bahari. Mwisho wa mwaka huo Floyd akajiuzulu, na mapema 1861 Meigs akarudishwa kazini.

Wabunge walimng'ang'ania kwa sababu walijua nani wa kumuuliza. Jina lililokuwa kwenye kila bomba lilikuwa ahadi ya kwamba bomba likivuja, aibu ni ya mtu fulani, tena mtu anayejulikana anakaa wapi. Sisemi kwamba Meigs alikusudia hivyo alipokuwa anaagiza mabomba. Pengine alitaka tu akumbukwe. Matokeo ndiyo ninayoyaangalia.

Mawe ya daraja, kwa upande mwingine, yanaonyesha jina la heshima linavyofanya kazi. Jiwe lina Pierce aliyekuwa rais mwanzo wa mradi, lina Lincoln wa mwaka 1861. Anayekosekana ni Buchanan, ambaye sehemu kubwa ya tao ilinyanyuliwa yeye akiwa Ikulu. Floyd naye hayupo. Maandishi yamepanda kutoka 1853 mpaka 1861 yakairuka ile miaka minne ya ugomvi kana kwamba wajenzi walikuwa likizo. Kwenye upande mwingine wa daraja kuna jiwe la pili linalolitaja daraja kama Tao la Muungano, Mhandisi Mkuu Kapteni Montgomery Meigs, na maneno ya Kilatini ya kuliombea lidumu daima. Sihitaji kuambiwa nani alikuwa na sauti katika kupanga maandishi hayo.

Na Simon Cameron je? Huyu ndiye anayenichekesha zaidi. Cameron alikuwa Waziri wa Vita kwa muda usiofika mwaka mmoja. Januari 1862 Lincoln alimwondoa huku wizara ikinuka tuhuma za zabuni za kijeshi, na Aprili mwaka huo huo Baraza la Wawakilishi likapitisha azimio rasmi la kumkemea. Patasi ilipofika Cabin John mwaka ule ule, ilimpita Cameron bila kumgusa. Mwasi alifutwa, waziri aliyeondoka kwa fedheha ya manunuzi akabaki, na yupo mpaka sasa. Kwa mtu anayefuatilia fedha za umma, hapo ndipo jiwe linaposema kweli bila kukusudia.

Kwetu Tanzania Mwenge wa Uhuru hupita kila mwaka ukizindua miradi na kuweka mawe ya msingi, ya maji yakiwemo. Mara nyingine kiongozi wa mbio hukagua nyaraka, akaona fedha haziendani na kazi, akakataa kuzindua. Kukataa huko nakuheshimu kuliko vibao vyote vya marumaru. Lakini mradi ukishazinduliwa, kibao kinamtaja mzinduaji na tarehe, basi. Mkandarasi hayumo. Mhandisi mshauri hayumo. Mwenyekiti wa jumuiya ya watumia maji, ambaye ndiye atakayetafutwa na kina mama wakiwa na ndoo zao kituo kikikauka, hayumo. Maji ya Ziwa Victoria yalizinduliwa Shinyanga na Kahama mwaka 2009, na vijiweni sifa bado zinabishaniwa ni za mwanasiasa yupi. Sijawahi kusikia kijiwe kinachobishana nani aliunganisha yale mabomba.

Kuna jambo jingine ambalo mawe ya Cabin John hayasemi. Maji yaliyofika Washington yalikuwa na tope. Meigs alijenga mabwawa ya kutulizia maji, lakini hakujenga mtambo wa kuchuja. Mvua kubwa ikinyesha huko juu, Potomac ilishuka rangi ya udongo, na rangi hiyo ilifika mezani. Homa ya matumbo iliendelea kuua watu mjini. Mtambo wa kuchuja kwa mchanga ulikamilika mwaka 1905, miaka zaidi ya 40 baada ya maji ya Great Falls kuanza kupita katika mfereji huo, Desemba 1863. Kwa hiyo daraja lililotajwa duniani kote kama ajabu la uhandisi lilikuwa linasafirisha, kwa ustadi mkubwa, maji machafu. Wapiga picha walikuja kulipiga picha hilo daraja, na hoteli maarufu ikajengwa pembeni yake. Mchanga wa kuchujia haupigwi picha.

Hilo halimpunguzii Meigs. Elimu ya vijidudu ilikuwa haijakaa sawa alipokuwa anachora, na wingi wa maji peke yake ulikuwa ukombozi: moto ulizimika, mitaro ikasafishika. Ninachosema ni kwamba mradi wa maji hauishi siku ya uzinduzi. Unaanza hapo, na kazi inayofuata ni ya watu ambao majina yao hayachongwi popote.

Mfano mchungu zaidi, wa mfereji huo huo, ni wa miaka ya karibuni. Mwaka 2000 mamlaka inayoendesha mfereji huo, ambayo mpaka leo iko chini ya Kikosi cha Wahandisi cha Jeshi la Marekani, ilibadili dawa ya kuulia vijidudu kutoka klorini kwenda kloramini. Sababu zilikuwa nzuri: kupunguza kemikali zenye madhara zinazozaliwa klorini inapokutana na takataka za majini. Lakini nyumba nyingi za mji huo zilikuwa zimeunganishwa kwa mabomba ya madini ya risasi, ambayo ni sumu, na dawa mpya ilivuruga ule utando uliokuwa unaizuia risasi isiingie majini. Kiwango cha risasi kilichoilazimu mamlaka kuchukua hatua kilikuwa sehemu 15 kwa bilioni. Nyumba nyingine zilipimwa zikakutwa na zaidi ya 300. Wananchi wengi walikuja kujua Januari 2004, tena kupitia gazeti la Washington Post, wakati watoto walikuwa wameshayanywa maji hayo kwa miaka.

Ukitafuta nani alaumiwe, unazunguka. Jeshi linasafisha maji na kuyauza. Shirika la maji la mji linayasambaza na kupima bombani. Wakala wa mazingira wa serikali kuu anasimamia. Kila mmoja alikuwa na kipande chake, na kila kipande kikitazamwa peke yake kilikuwa na maelezo. Aliyekuwa na dhamana ya glasi ya maji mezani hakuwepo. Mwaka 1860 Bunge liliweza kuandika jina la mtu mmoja kwenye sheria ya fedha. Miaka 140 baadaye mfumo ulikuwa mkubwa, wenye wataalamu wengi, maabara na kanuni nene, na hapakuwa na jina hata moja la kubandika kwenye bomba.

Najua pingamizi. Mtu mmoja kushika kila kitu ni hatari. Meigs mwenyewe alikuwa mbabe, na nchi haiendeshwi kwa majina ya watu bali kwa taasisi. Sawa. Lakini taasisi imara ndiyo hasa inayoweza kusema kwa jina ni nani anawajibika kwa nini. Tunachokiona mara nyingi ni mgeni rasmi akitajwa kwa cheo, chama na mkoa, halafu matengenezo yakiachiwa "wahusika". Ningependa kibao cha mradi wa maji kiwe na jina la mkandarasi, jina la mhandisi aliyepokea kazi, na namba ya simu inayopokelewa. Mgeni rasmi naye awepo akitaka, chini, kwa herufi ndogo.

Daraja lenyewe bado lina kazi. Juu yake inapita barabara ya MacArthur Boulevard, nyembamba kiasi kwamba magari yanapishana kwa zamu, ya huku yanasubiri ya kule yamalize. Madereva wengi hawajui kwamba chini ya matairi yao kuna mto uliofungiwa ndani ya matofali. Mwaka 1972 wahandisi wa ujenzi wa Marekani waliliingiza kwenye orodha ya kazi za kihistoria za fani yao, na lilistahili.

Davis alirudishwa mwaka 1909. Vyama vya kumbukumbu vya watu wa Kusini viliomba, na Rais Theodore Roosevelt, akiwa katika wiki zake za mwisho Ikulu, akaamuru jina lichongwe upya palepale lilipotolewa. Wapo walioona ni upatanisho, wapo waliona ni kumsafisha mwasi. Wamarekani wanaendelea kugombana kuhusu mawe na sanamu za vita vile, na kila upande una sababu zake.

Lakini kuna mtu mwingine wa Kusini anayehusika na daraja hili. Alfred Rives, mhandisi kutoka Virginia aliyesomea uhandisi Paris katika chuo cha madaraja na barabara, alikuwa msaidizi wa Meigs na ndiye anayetajwa kama msanifu wa tao lenyewe. Vita vilipoanza alirudi kwao na kuwafanyia kazi ya uhandisi wale wale waliomchagua Davis. Kosa la Rives na la Davis lilikuwa moja. Mwanasiasa aliyekuwa waziri wakati mradi unaanza alipata watu wa kumpigania, barua zikaandikwa, rais akatia saini, patasi ikarudi kazini. Mhandisi aliyelichora tao lililoongoza dunia kwa karibu miaka 40 hayumo kwenye jiwe la upande huu wala la upande ule, na vyama vilivyokwenda kuomba mwaka 1909 havikuwa vimekwenda kwa ajili yake.